Daftari la Mahudhurio Si Sauti ya Wananchi



Miaka michache iliyopita nilikuwa nikiwatetea wafanyabiashara wa soko moja waliokwenda mahakamani kupinga kupandishwa kwa ada ya kila siku, kutoka shilingi 30 hadi shilingi 50. Hoja yetu ilikuwa moja: sheria ya fedha iliyoipandisha ada ile ilipitishwa pasipo wananchi kushirikishwa. Serikali ya kaunti ilijibu kwa hati ya kiapo yenye viambatisho vingi, na miongoni mwa viambatisho hivyo kulikuwa na madaftari ya mahudhurio, wadi kwa wadi, yenye majina, nambari za vitambulisho, nambari za simu na sahihi. Niliyafungua kwa mazoea ya kazi, nikitafuta kasoro. Katika ukurasa wa tatu wa wadi yetu nikaliona jina la mama yangu mzazi, na mbele ya jina, sahihi yake. Ni sahihi niliyokuwa nikiiona kwenye ripoti zangu za shule. Siwezi kuikosea.

Jioni nikampigia simu.

"Mama, uliwahi kwenda mkutano wa Mswada wa Fedha?"

"Mswada gani, mwanangu?"

Nikamtajia tarehe na ukumbi. Akakumbuka.

"Ah, ule! Tulikaa tangu saa tatu, wao wakaja saa saba. Wakatuambia kaunti ina mipango mizuri. Mimi niliuliza habari ya maji, nikajibiwa yameandikwa. Halafu wakasema kila mtu aandike jina lake apate soda na nauli."

Ada ya soko, je? Hakuna aliyeitaja. Nakala ya mswada ilikuwa moja, mkononi mwa ofisa, naye alikuwa akiipungia watu kama shabiki apungiaye bendera. Hivyo mama yangu, ambaye ameuza mboga katika soko lile tangu mimi sijaanza shule, alikuwa ameletwa mahakamani kwa karatasi kuwa shahidi dhidi ya kibanda chake mwenyewe. Aliuliza maji, akaandikiwa ada.

Huu ndio wizi ninaotaka kuuzungumzia leo. Ofisa yule hakuiba hata senti moja. Alichukua kitu kisichoandikwa katika vitabu vya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, yaani idhini ya mtu, akaiweka mahali ambapo mwenyewe hakuikusudia.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1988 wanaukumbuka mlolongo. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa, na mahali pengi mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Viongozi wa makanisa walikuwa wameukemea utaratibu huo tangu 1986, ulipotangazwa, nao wakatukanwa kwa ujasiri wao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini nimeyasikia kwa wazee wetu mara nyingi, na kila mara wanarudia neno moja: uwongo ule ulifanywa mbele ya macho yetu. Kila aliyekuwa uwanjani aliuona mstari. Daftari la leo ni la siri zaidi. Aliyetia sahihi hajui kwamba amehesabiwa, wala hajui amehesabiwa upande gani.

Nalo la kustaajabisha ni kwamba yote haya yanafanyika chini ya sheria nzuri. Katiba tuliyoipitisha katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 yasema katika kifungu cha 1 kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 10 chautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa. Kifungu cha 196 chaliamuru bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi, lifanye vikao vyake na vya kamati zake hadharani, na liwawezeshe wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria na katika shughuli zake nyingine. Haliwezi kuwafungia nje wananchi wala waandishi wa habari, ila katika hali za kipekee ambapo Spika ameamua kwamba zipo sababu za haki za kufanya hivyo. Kijana wa leo huenda asione uzito wa maneno hayo. Na ajue kwamba mpaka mwaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali, na kwamba Julai 7 ya mwaka huo polisi waliingia hata ndani ya Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi wakawapiga watu waliokuwamo. Kwenda kuketi katika kikao cha kamati ya bunge la kaunti hakuhitaji leseni ya mtu yeyote. Ni mlango uliofunguliwa kwa gharama, nasi twaupita kila siku tukienda sokoni pasipo kuugusa.

Kabla ya 2013 hali ilikuwa nyingine. Kulikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya chini ya Sura ya 265 ya sheria, na waziri mmoja aliyeketi Nairobi alikuwa na uwezo wa kukataa sheria zao ndogo, kuwateulia madiwani na hata kuyavunja. Jiji la Nairobi lenyewe lilikaa bila madiwani wa kuchaguliwa tangu 1983 hadi uchaguzi wa Desemba 1992, likiongozwa na tume. Tulizoea basi kwamba mambo ya mtaa huamuliwa mbali, na kwamba kazi ya mwananchi barazani ni kupiga makofi chifu akimaliza. Mazoea hayo hayakufa Katiba ilipobadilika. Yalibadilisha ukumbi tu.

Tuangalie basi jinsi bunge la kaunti linavyofanya kazi, kwa maana asiyejua mahali jambo linapoamuliwa atapiga kelele mahali pasipo na mtu wa kumsikia.

Wengi wetu tunalijua bunge hili kwa vurugu zake, siku wawakilishi wadi wanaponyang'anyana siwa na Spika kutolewa kwa ulinzi. Huko ndiko kamera zinakokuwa. Lakini mswada ukifika huko, mengi yamekwisha kuamuliwa. Mswada huchapishwa, ukasomwa mara ya kwanza pasipo mjadala, kisha hupelekwa kwa kamati inayohusika na jambo lenyewe. Kamati hiyo, watu wachache wanaoketi katika chumba kisicho na mbwembwe, ndiyo yenye wajibu wa kutangaza, kuwasikiliza wananchi, kupokea maandishi yao na kuandika ripoti. Mswada ukirudi kusomwa mara ya pili, wawakilishi hujadili ripoti ikiwa mezani. Kisha bunge zima hukaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu, na hapo ndipo marekebisho huingizwa. Husomwa mara ya tatu, ukapelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha bungeni pamoja na sababu zake.

Ukitaka kubadilisha neno moja katika sheria ya kaunti, basi nenda kwa kamati kabla haijaandika ripoti. Baada ya hapo utahitaji rafiki bungeni, na baada ya gavana kutia sahihi utahitaji wakili. Mimi ni wakili, nami nakushauri usifike huko. Kesi ni ghali, na wakati ikisikilizwa mama mboga anaendelea kulipa shilingi 50.

Habari ya fedha ina kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo silaha kubwa ya maofisa kwa sababu wao wanaijua na sisi hatuijui. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka mgawo wa kila idara, hufikishwa kufikia Februari 28, na bunge lina siku 14 tu za kuizingatia. Makadirio ya bajeti huja kufikia Aprili 30, yapate kuidhinishwa kufikia Juni 30. Mswada wa Fedha, ule wa ada na ushuru, hupitishwa katika siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi. Sasa tazama sisi wananchi twaja lini. Twaja Juni, tukiwa na hasira, kuomba daraja ambalo nafasi yake ilipaswa kuombwa Agosti na mgawo wake ukafungwa mwezi wa Machi. Twaja kutia chumvi chungu kimekwisha kuepuliwa. Ofisa anatusikiliza kwa upole mwingi, anaandika, anatushukuru, na anatuletea daftari.

Najua majibu ya wakubwa. Watasema kwamba wananchi hawaelewi mambo ya bajeti. Haya, vitabu hivyo vimeandikwa kwa lugha gani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za bunge la kaunti, sambamba na Kiingereza na lugha ya ishara. Lakini mwananchi hupewa, akipewa, kitabu kinene cha Kiingereza cha wahasibu asubuhi ya mkutano wenyewe. Mimi nimesoma sheria chuo kikuu na bado vitabu hivyo hunitoa jasho. Mwaka 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha wa taifa, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, na nchi nzima ikauelewa katika majuma machache, hata Rais akakataa kuutia sahihi baada ya yale ya Juni 25. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba mwananchi ana kichwa kigumu. Ila nawauliza vijana hao hao, kwa mapenzi: ni wangapi kati yenu waliousoma Mswada wa Fedha wa kaunti yao mwaka ule ule? Ni wangapi wanaolijua jina la mwenyekiti wa kamati yao ya bajeti?

Watasema pia kwamba sheria haidai kila mtu asikilizwe, wala kila maoni yakubaliwe. Katika hili wana haki, na sitaki kumdanganya msomaji. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya British American Tobacco, kwamba kinachotakiwa ni nafasi ya kweli na ya busara ya kushiriki. Lakini mahakama hiyo hiyo ikasema kwamba ushiriki usiwe wa kupaka rangi tu. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, Mahakama Kuu ilikuwa imeibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, katika kesi iliyoletwa na Robert Gakuru na wenzake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kaunti ikakata rufani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaukataa utetezi wake. Sheria nzima ya kukusanya pesa, ikaanguka! Tangu siku hiyo kaunti zote 47 zilijifunza somo, lakini nyingi zilijifunza somo lisilofaa. Badala ya kujifunza kuwasikiliza watu, zikajifunza kukusanya ushahidi kwamba watu walisikilizwa. Hapo ndipo daftari lilipopata thamani, na soda ikapata bajeti.

Lawama haiwaangukii wao pekee. Nimeketi katika mikutano ambayo mtu wa kwanza kusimama aliuliza kama nauli itatolewa kabla au baada. Ninaijua njaa, simcheki. Lakini mtu huyo akipokea shilingi 300 leo, kisha akatozwa shilingi 20 za nyongeza kila siku ya soko, baada ya siku 15 amekwisha kuzirudisha, na daftari bado liko kabatini likimsemea kwamba alikubali.

Na sisi watu wa makanisa tuna letu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti. Gavana ndiye mwenyekiti. Nusu ya viti baada ya chake ni ya mawaziri wake, na nusu nyingine ni ya watu wasio maofisa wa kaunti, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Makundi ya kidini, ndugu zangu! Kiti chetu kimo katika sheria. Katika parokia yako, katika dayosisi yako, nani anakikalia? Alipendekezwa na kikao gani? Amewahi kurudi kuwaambia waumini lililozungumzwa? Nimeuliza swali hili katika makanisa kadhaa, na mara nyingi nimejibiwa kwa kutazamana. Lakini gavana yuyo huyo akija Jumapili na bahasha ya harambee, kipaza sauti hakikosekani. Tunampa mimbari mwenye mamlaka, na tunakiacha wazi kiti ambacho tungemwulizia maswali.

Mwenye kutaka kuanza na aanze na karatasi. Maneno ya mdomo katika ukumbi wa watu 200 huandikwa na mtu mwingine, kwa kadiri anavyopenda. Karatasi yako huandikwa na wewe. Ukurasa mmoja watosha, kwa Kiswahili: taja mswada, taja kifungu, sema kinavyokuumiza, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake. Ipeleke kwa karani wa bunge la kaunti ukiwa na nakala ya pili, na usiondoke mpaka nakala hiyo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katika kazi yangu muhuri huo mmoja una nguvu kuliko mashahidi kumi wenye hasira. Kamati ikimaliza, iombe ripoti yake uone kama maoni yako yamo na yamejibiwaje. Ukinyimwa, iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016: omba kwa maandishi, nao wana siku 21 za kukujibu. Na kama jambo lako halimo katika mswada wowote, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti chakuruhusu kuliandikia bunge ombi rasmi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Huhitaji kuwa na chama, huhitaji kuwa na mjumbe.

Tangazo la kikao cha kamati lingeweza kusomwa kanisani Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa. Dakika moja. Wako makatibu wa parokia wanaofanya hivyo tayari, nami nawavulia kofia.

Tena liko lile daftari lenyewe. Usilikimbie, kwa sababu ukikaa nyumbani wataandikwa wengine. Nenda, lakini kabla ya kutia sahihi uliza: nakala yangu iko wapi? Kama hukupewa, andika kando ya jina lako, kwa kalamu ile ile, maneno manne: "sikupewa nakala ya mswada". Hakuna sheria inayokukataza. Siku daftari hilo litakapoambatanishwa na hati ya kiapo, litakusemea wewe.

Kesi yetu haikufika hukumu. Kaunti iliomba tupatane, ada ya zamani ikarudi, na ikakubali kuanza upya na mswada mpya. Mkutano wa pili uliitwa katika ukumbi ule ule. Mimi sikwenda, nilikuwa mahakamani mji mwingine, lakini nimesimuliwa na watu wa soko. Mama alifika na miwani yake. Daftari lilipomfikia alimwuliza kijana wa kaunti, "Mwanangu, hiki ninachokubali kimeandikwa wapi?" Kijana akamwambia aandike tu, maelezo yatafuata. Mama akaiweka kalamu juu ya meza, akabaki amesimama pale pale. Nyuma yake walikuwapo wanawake wa soko zaidi ya 30, na hakuna hata mmoja aliyempita. Baada ya kitambo ofisa mkubwa alikuja kuuliza kilichozuia mstari, akaambiwa, akamtuma dereva mjini kupiga nakala. Zilifika saa nane na nusu. Wakakaa chini wakaanza kusoma, wenye macho mazuri wakiwasomea wenzao, na kifungu cha ada ya soko kilikuwa katika ukurasa wa 11.